Mgongo Ukiuma: Wakati wa Kutembea na Wakati wa Kukimbilia Hospitali



Katika makanisa yetu ya mashariki, siku ya kuombea wagonjwa ikifika, ombi la mgongo halikosekani. Anasimama mama anayebeba makala tangu alfajiri. Anasimama kijana wa motari anayerushwarushwa na mashimo ya barabara kutwa nzima. Anasimama mzee aliyelima tangu utoto, mkono mmoja umeshika kiuno. Tunawaombea, na ni vema. Lakini baada ya maombi mgonjwa anarudi nyumbani na mashauri ya majirani: lala kitandani mwezi mzima, tafuta mtu akukanyage mgongo, nunua sindano, diski yako imetoka, usiiname tena maisha yako yote.

Mengi ya mashauri hayo yanaongeza ugonjwa. Na mara chache, wakati sisi tunaendelea kusubiri, ugonjwa ambao ungeweza kutibiwa unamwacha mtu bila nguvu za miguu.

Kwa hiyo tunataka kueleza mambo mawili. La kwanza: maumivu mengi ya mgongo hayatoki kwenye mfupa uliovunjika wala kwenye diski iliyoharibika kabisa, nayo hupungua mtu akiendelea kujongea. La pili: kuna dalili chache ambazo hazingoji hata siku moja. Anayejua kutenganisha mambo haya mawili atamsaidia jirani yake kuliko anayejua majina kumi ya dawa.

Mgongo ulivyoumbwa

Uti wa mgongo ni safu ya mifupa midogo inayoitwa pingili. Kuna pingili 7 shingoni, 12 nyuma ya kifua, na 5 kiunoni. Chini yake kuna mifupa iliyoungana ambayo inaishia kwenye kifandugu. Katikati ya pingili na pingili kuna diski. Diski ni kama mto mdogo: nje ina pete ngumu ya nyuzinyuzi, ndani ina kitu laini kama ute mzito. Mito hiyo inapokea uzito tunapobeba, tunapoinama, hata tunapokaa. Nyuma yake kuna mfereji unaopitisha mishipa ya fahamu kutoka kwenye ubongo, na kati ya pingili moja na nyingine mishipa hiyo inatoka kwenda mikononi, kifuani, tumboni na miguuni.

Watu husema, "Diski imehama." Ukweli ni kwamba diski haihami. Imeshikamana na mfupa wa juu yake na wa chini yake. Kinachotokea ni kwamba ile pete ya nje inalegea na diski inatokeza kidogo pembeni, au pete inapasuka na ile sehemu laini inasukumwa nje, inagusa mshipa wa fahamu. Hapo mgonjwa husikia maumivu kama moto au kama shoti ya umeme, yakishuka kutoka makalio, nyuma ya paja, kupita goti mpaka kwenye wayo. Mara nyingi sana ni diski mbili za chini kabisa kiunoni, kwa sababu hapo ndipo uzito mkubwa unapokaa.

Mwaka 1934 wapasuaji wawili wa mji wa Boston, Marekani, Mixter na Barr, walieleza kwamba diski iliyopasuka inaweza kubana mshipa na kuleta maumivu ya mguu. Walisema kweli. Lakini baada yao watu wakaanza kulaumu diski kwa kila maumivu ya kiuno, na hapo walizidisha. Kwa wagonjwa wengi chanzo si kitu kimoja unachoweza kukionyesha kwa kidole. Ni misuli iliyochoka, ni viungo vidogo vya pingili, ni usingizi mbaya, ni wasiwasi wa vita na wa karo ya watoto, vyote vikiungana.

Hata diski iliyopasuka kweli ina habari njema. Ile sehemu iliyotokeza mara nyingi hunywea yenyewe. Mwili unaimaliza polepole. Wagonjwa wengi wenye maumivu ya mguu kwa sababu ya diski hupata nafuu katika wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa.

Picha inaonyesha nini?

Tumeona familia zikiuza mbuzi ili mgonjwa apigwe skana, kisha wanasoma kwenye karatasi kwamba "diski imechakaa", na mgonjwa anaacha kutembea kwa hofu. Tujue jambo hili. Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya picha za watu ambao mgongo hauwaumi kabisa. Kati ya wale wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Kati ya wale wa miaka 80, asilimia 96. Diski zilizotokeza zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao wa miaka 20, na kwa asilimia 84 ya wazee wa miaka 80. Na hao wote hawakuwa na maumivu!

Maana yake ni kwamba diski inachakaa kama vile nywele zinavyopata mvi. Picha pekee haitoshi kusema ugonjwa uko hapo. Nayo radiografi ya kawaida inaonyesha mifupa. Haionyeshi diski yenyewe wala mshipa. Picha inafaa daktari akishuku hatari, au upasuaji unapofikiriwa. Kwa mtu ambaye kiuno kimemuuma wiki mbili na hana dalili za hatari, fedha ya mbuzi ibaki nyumbani.

Kumpima mgonjwa kwa maswali

Daktari mzuri anaanza kwa kuuliza na kusikiliza. Sisi nasi tukitembelea mgonjwa tunaweza kuuliza maswali hayo, si ili tumtibu, bali ili tujue tumshauri aende wapi.

Maumivu yako wapi? Yakibaki kiunoni na kwenye makalio, mara nyingi ni maumivu ya kawaida. Yakishuka kupita goti pamoja na ganzi, huenda mshipa umeguswa.

Yanabadilika ukibadili mkao? Maumivu ya kawaida yanaongezeka na kupungua kadiri mtu anavyoinama, anavyokaa au anavyolala. Maumivu yasiyopungua kwa namna yoyote, yanayokuamsha usiku na kuongezeka kila wiki, yanataka daktari.

Je, ni mgongo kweli? Figo zikiwa na ugonjwa huleta maumivu ubavuni pamoja na homa, au mkojo unaochoma. Kwa wamama, mimba na magonjwa ya uzazi yanaweza kusikika kiunoni. Wamama wengi wanaona haya kusema hayo mbele ya mchungaji, kwa hiyo afadhali mama mwenzao wa kanisa awaulize.

Kwenye kituo cha afya muuguzi au daktari atamwambia mgonjwa atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Asiyeweza kutembea kwa kisigino, au asiyeweza kujiinua kwa vidole vya mguu mmoja, huenda mshipa wake umedhoofika. Atamlaza chali na kuinua mguu mmoja ulionyooka: maumivu yakishuka chini ya goti mguu unapoinuliwa, ni alama kwamba diski inagusa mshipa. Vipimo hivi havihitaji mashine wala umeme, na vinaweza kufanywa kijijini kabisa.

Dalili ambazo hazingoji

Hizi tunaomba zisomwe kwa sauti baada ya ibada.

Mkojo hautoki, au mkojo na choo vinatoka bila mtu kujua. Ganzi katikati ya mapaja, mahali panapogusa kiti cha baiskeli. Miguu yote miwili inalegea. Hii ni diski kubwa au kitu kingine kinachobana mishipa yote ya chini kwa pamoja. Mtu huyu apelekwe siku hiyohiyo, hata usiku, kwenye hospitali yenye mpasuaji. Siku mbili tatu za kuchelewa zinaweza kumwachia ulemavu wa maisha.

Wayo unaburuzika, au nguvu za mguu zinapungua siku kwa siku.

Homa, jasho la usiku, kukonda, au kinundu kinachoanza kutokeza katikati ya mgongo. Katika nchi yetu tufikirie mara moja kifua kikuu cha mifupa. Wengi wanadhani kifua kikuu ni kikohozi tu, lakini kinaweza kula pingili za mgongo hata kwa mtu asiyekohoa. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Ukigunduliwa mapema unatibiwa kwa dawa za kifua kikuu, ambazo hutolewa bure. Ukichelewa, mtoto anabaki na kibiongo, au mtu mzima anapooza, na jirani wanasema amerogwa.

Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali ya pikipiki, hasa kwa mzee, au kwa mtu aliyemeza deksa muda mrefu ili anenepe. Dawa hiyo inadhoofisha mifupa, na pingili inaweza kuvunjika kwa jambo dogo.

Maumivu kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani, kwa mwenye virusi vya UKIMWI, au kwa mtoto. Mtoto hana sababu ya kuugua mgongo wiki nyingi, apimwe.

Jinsi ya kuutunza mgongo usio na dalili hizo

Ndugu, kitanda si dawa. Siku moja au mbili za kupumzika maumivu yakiwa makali hazina neno, lakini wiki za kulala zinadhoofisha misuli inayoshika mgongo. Anza kutembea nyumbani, kisha mpaka kwa jirani, kisha mpaka kanisani. Ukisikia maumivu kidogo, usidhani unajiharibu. Rudi kwenye kazi kwa hatua: mzigo mdogo kwanza, masaa machache kwanza.

Usiku lala ubavu, ukiweka kikwembe kilichokunjwa katikati ya magoti. Au lala chali, ukiweka kitu chini ya magoti. Kitambaa chenye maji ya moto, kisichounguza, kinaweza kulegeza misuli.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Mwezi wa Desemba 2023 likatoa mwongozo kwa ajili ya maumivu yanayozidi miezi mitatu. Linapendekeza mgonjwa afundishwe kuhusu mgongo wake, afanye mazoezi, asaidiwe pia katika mawazo yake, na dawa kama ibuprofeni zitumike kwa kiasi. Halipendekezi mikanda ya kiunoni, halipendekezi kuvuta mgongo kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya tramadoli.

Basi tuwe waangalifu. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kutoboa tumbo lenye vidonda na kuharibu figo. Mwenye vidonda, mwenye figo mbaya na mama mjamzito wasizinunue bila kuuliza daktari. Sindano ya makalio ikichomwa mahali pabaya inaweza kuharibu mshipa mkubwa wa mguu, na mtu aliyekwenda kutibiwa mgongo anarudi na wayo unaoburuzika. Kukanyagwa mgongo, au kuvutwa na kupindwa na mtu asiyejua, ni hatari kubwa, hasa kama ndani kuna kifua kikuu. Na chale za wembe hazifiki kwenye diski. Zinaweza kuleta uchafu kwenye damu.

Palipo na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule tunayemwita kine, mgonjwa aende kwake. Mazoezi machache ya kila siku, anayoweza kufanya juu ya mkeka, yanafaa kuliko mfuko wa dawa. Makanisa yetu yamebarikiwa kuwa na hospitali, kama Panzi huko Bukavu na Nyankunde huko Ituri. Tuulize kwenye kituo cha karibu wapi wanaweza kutuelekeza.

Upasuaji una mahali pake. Ni wa lazima kwa zile dalili za mkojo na za miguu kulegea. Unaweza kufikiriwa pia kama maumivu makali ya mguu hayajapungua baada ya wiki 6 hadi 12 za matunzo mema. Lakini unasaidia maumivu ya mguu kuliko maumivu ya kiuno, na wagonjwa wengi hawauhitaji.

Mizigo yetu

Bidoni moja ya maji ya litre 20 ina kilo 20. Mama anaipandisha mlimani mara tatu, na mtoto yuko mgongoni au tumboni. Wengine wanabeba magunia kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, mzigo unaokaribia uzito wao wenyewe. Wengine wamekimbia vita wakiwa na godoro kichwani na watoto mikononi. Kumwambia mama wa namna hiyo, "Usibebe tena," ni kumwambia asile.

Tumwambie yanayowezekana. Mzigo ukae karibu na mwili. Kunja magoti unapouinua, usipinde kiuno huku umeushika. Bidoni mbili za litre 10, moja kila mkono, ni afadhali kuliko moja ya 20 upande mmoja. Gunia ligawanywe mara mbili inapowezekana. Mwenzako akutwike na akutue. Palipo na chukudu au toroli, wamama watano wachange na kuitumia kwa zamu.

Na hapa kanisa lina kazi. Paulo alipowaandikia Wagalatia katika sura ya 6 juu ya mizigo, alikuwa na maana pana. Lakini haiwezi kuwa na maana ya rohoni tu, huku bidoni ya jirani ikibaki kisimani. Mama akiugua mgongo, vijana wa kwaya wanaweza kumchotea maji wiki mbili. Wababa wanaweza kukumbuka kwamba hakuna andiko linalosema maji ni mzigo wa wanawake. Kazi ya salongo kwenye shamba la mgonjwa ni ibada pia.

Imani na mgongo

Wengine watatuuliza juu ya Luka 13, yule mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18, ambaye Luka anataja roho iliyomdhoofisha. Je, kila mgongo unaouma ni pepo? Tusome vizuri. Bwana Yesu hakumwuliza alitenda dhambi gani, wala hakumtafuta mchawi kati ya jirani zake. Alimwona, akamwita, akamwekea mikono, akamtetea mbele ya mkuu wa sinagogi aliyekasirika, na akamhesabu kuwa binti wa Ibrahimu. Alikumbusha kwamba hata ng'ombe na punda hufunguliwa siku ya sabato wakanyweshwe maji. Somo hili halitupi ruhusa ya kumshtaki mgonjwa wala bibi yake mzee. Linatukemea sisi tunaomwona mtu amepinda miaka 18 na tunaendelea na programu ya ibada.

Kuombea na kutibu havigombani. Luka mwenyewe, katika Wakolosai 4:14, anatajwa kuwa tabibu. Mtu asikatazwe dawa za kifua kikuu kwa sababu amefunga siku tatu, na asiambiwe imani yake ni ndogo kwa sababu bado anatembea na fimbo.

Basi Jumapili hii, mtu akisimama na ombi la mgongo, tumwekee mikono na kumwombea kwa moyo wote. Kisha mzee wa kanisa au mama mmoja akae naye pembeni, amwulize maswali matatu: Mkojo na choo vinakwenda sawasawa? Miguu ina nguvu, haina ganzi? Hauna homa, haukondi? Akijibu vema, tumwambie asiogope, atembee, na tumpunguzie mzigo wa wiki hii. Akijibu vibaya, shemasi atafute pikipiki au gari mara moja, na sadaka ya huruma ilipe safari.

Bwana awabariki na kuwapa nguvu.